Hedifoni Ilikuwa Nzima, Sikio la Shemeji Ndilo Lililokuwa Linakufa

Mwenzenu nimekosa, na sitafuti mtu wa kunitetea. Nilimdanganya mtu aliyeniamini kuliko alivyomwamini daktari. Uongo wenyewe niliusema mchana kweupe, hedifoni iko mkononi mwangu, na nikijua kabisa ninachosema si kweli. Leo mtu huyo hasikii kwa sikio moja.

Jina langu liacheni. Hapa Mbulu mjini ukitaja jina la mtu sokoni, kabla hujamaliza habari yenyewe imeshafika kwao, na mimi bado naogopa. Ndiyo, naogopa! Naandika haya nikiwa nimefunga kibanda kwa ndani, na kila anayegonga mlango naona ni dada yangu kanijia.

Kazi yangu ni simu. Nabadilisha vioo, natengeneza chaji, nauza kava na hedifoni. Lakini kilichonipa sifa ni sauti. Nina masikio makali, Mungu kanijalia, na tangu niijue ikwalaiza nilijiona nimemaliza dunia.

Ngoja niwaeleze kidogo, maana bila hili hamtaelewa nilikosea wapi. Hedifoni mbili hazitoi sauti moja hata ukizichomeka kwenye simu ileile, wimbo uleule. Moja imejaa besi mpaka mwimbaji anasikika kama yuko ndani ya pipa. Nyingine ni trebo tupu, inakuchoma. Watu wanasema hii ni orijino, ile ni feki. Mara nyingi sivyo. Mara nyingi tofauti kubwa ni namna kiwanda kilivyoigawa sauti, wapi wamenyanyua na wapi wameshusha. Ikwalaiza ni ile sehemu ya kwenye simu yenye vijiti vya kupandisha na kushusha. Hedifoni ikizidisha mahali, unapashusha. Ikipunguza, unapandisha. Ukipatia, ile ya bei rahisi inaikaribia ile ya bei mbaya mpaka mteja anashika kichwa.

Inaikaribia tu, haiwi yenyewe. Ikwalaiza inaongeza kilichopo. Kama kile kispika cha ndani hakina uwezo, ukipandisha unaambulia mkwaruzo. Hayo nilikuwa nawaambia wateja kila siku, tena kwa maringo.

Sasa kwaya. Kwaya yetu ina watu wa Endagikot, wa Bashay na wa hapa mjini. Wakati wa palizi huwezi kuwakusanya katikati ya wiki hata ugonge kengele mpaka ipasuke. Kwa hiyo mwalimu wa kwaya akileta wimbo mpya, tunarekodi sauti zote nne, moja moja, kisha mimi nazitengeneza na kuzituma kwenye grupu. Mtu anajifunza akiwa shambani, jembe mkononi, hedifoni kichwani. Na utaratibu wangu ulikuwa huu: sauti yako wewe naiweka sikio la kushoto, sauti za wenzako wote naziweka kulia. Hivyo unaisikia yako wazi, na unasikia inavyokaa na za wengine.

Kwa kuwa kila mtu ana hedifoni yake, na nyingi ni za minadani, kila mmoja nilimtengenezea mpangilio wake wa ikwalaiza. Walionisumbua zaidi ni sauti ya nne, wale wa besi. Hedifoni ndogo haziwapi kitu. Basi nikawa nawapandishia besi, napandisha, napandisha, mpaka wanatabasamu. Jumapili baada ya ibada watu walikuwa wananipanga foleni! Nilitangaza mbele ya kwaya nzima kwamba hakuna hedifoni itakayonishinda, nileteeni yoyote.

Nguzo ya sauti ya nne ni shemeji yangu, mume wa dada yangu wa kwanza. Dada ndiye aliyenilea mama yetu alipofariki, na shemeji huyu ndiye aliyenipeleka kujifunza ufundi. Analima vitunguu saumu Bashay. Ni mtu mzima, mpole, mwenye sauti nzito ambayo wenzake wanaishika kama watu wanavyoshika mkono wa mtu kuvuka mto. Bila yeye sauti ya nne wanapotea wote.

Jumatatu moja asubuhi alinipigia akiwa shambani. Nilimpa shikamoo, tukaulizana habari za dada na za mifugo, ndipo akasema kwa aibu kidogo kwamba kwenye wimbo mpya sauti ya nne nimeisahau. Anasikia wengine wote, yake haipo. Nikamwambia haiwezekani. Akasema labda ni hedifoni, na kwamba tangu alipoamka sikio lenyewe analiona kama limeziba, labda ni baridi ya ule ukungu.

Mimi nikakamata neno hedifoni. Lile la sikio nililisikia, nikaliacha lipite. Nikamtumia mpangilio mpya, besi juu zaidi, upande wa kushoto pekee, maana aplikesheni yangu inaruhusu kila upande na wake. Jioni akaniambia anasikia kitu kwa mbali, kama mtu anayeongea nyumba ya pili. Nikapandisha tena. Jamani, nikapandisha tena!

Jumatano akaja mwenyewe kibandani na hedifoni yake. Nikaivaa. Ilikuwa inaimba pande zote mbili, safi kabisa, na besi ya kushoto ilikuwa kali mpaka nikaivua haraka. Hapo shaka ikaniingia mara ya kwanza. Nikajikaza kisabuni. Nikamwambia kuna hedifoni nyingine hazipatani na simu fulani, ngoja nimjaribishe nyingine.

Nikampa tatu, moja baada ya nyingine. Ya kwanza ni ya besi, ya pili ya trebo, ya tatu ile ninayotumia mimi mwenyewe kurekodia. Hata mtoto mdogo angesema hizi ni tofauti. Shemeji upande wa kulia alizitofautisha zote, akanieleza vizuri tu hii ikoje na ile ikoje. Upande wa kushoto alisema zote ni sawa. Nikamuuliza sawa kivipi. Akasema zote hazina kitu, kuna mvumo tu, kama mashine ya kusaga iliyoko ng'ambo ya bonde, na mvumo huo haukatiki hata akivua hedifoni.

Nyie, mimi ni fundi. Hedifoni tatu zenye tabia tatu haziwezi kuwa sawa, labda kama anayesikiliza hasikii. Kijasho chembamba kikaanza kunitoka kwapani, na ile baridi ya Mbulu mnaijua.

Bado kulikuwa na jaribio moja, nalo ndilo linaloninyima amani. Nikachukua hedifoni nzima, nikaigeuza. Kilichokuwa kushoto nikakiweka kulia, cha kulia nikakiweka kushoto. Wimbo uleule, sijagusa kitu kingine. Kama ubaya ni wa hedifoni, ungehama pamoja nayo. Shemeji alifumba macho akasikiliza, halafu uso ukamchanua.

"Sasa sauti ya nne naisikia vizuri," alisema. "Ila wengine ndio wamekwenda."

Nikaelewa palepale. Ubaya haukuhama. Ulibaki kwenye sikio lilelile.

Mungu wangu, laiti ningesema! Ilikuwa ni kumwambia tu, shemeji, sikio lako linaumwa, twende. Hospitali haikuwa mbali, na saa nne ilikuwa haijafika. Lakini nilichokifikiria wakati ule hakikuwa sikio lake. Nilijifikiria mimi. Nilikumbuka miezi yote niliyompandishia besi, tena kushoto, tena kwa sikio hilihili. Nikaona nikitamka kwamba sikio limeharibika, swali la pili litakuwa limeharibiwa na nani. Nikamwona dada yangu akiniuliza. Nikaona kwaya nzima inanigeukia.

Basi nikacheka. Nikampiga begani, nikamwambia umeona sasa, ni mpangilio tu, uwe unaivaa hivyohivyo imegeuzwa, mambo yameisha.

Akanishukuru! Akasema dada amekuwa akimsumbua waende hospitali kesho yake, maana mvumo unamnyima usingizi na asubuhi aliposimama dunia ilizunguka. Hapo nilipewa nafasi ya pili, mkononi kabisa. Nikaitupa.

"Shemeji, hospitali watakuosha sikio liwe kidonda," nilimwambia. "Turekodi kwanza Jumamosi ile nyingine, halafu ndipo uende."

"Wewe ndiye fundi," alisema, akavaa kofia yake akaondoka.

Kuanzia siku hiyo sikuwa na amani. Simu ikiita naruka. Mteja akileta hedifoni aseme upande mmoja hauimbi, nambadilishia nyingine bila hata kuivaa. Siku ya nne dada alinipigia kuniambia shemeji ameanguka kwenye matuta ya vitunguu, hakuteleza wala nini, amepepesuka tu. Dada akasema amemtia mafuta ya moto yenye kitunguu saumu sikioni, kama walivyotufanyia tulipokuwa wadogo, na amemwambia mara kumi waende hospitali, lakini mtu mwenyewe anasema fundi ameshalitazama. Dada alikuwa anacheka kidogo alipokuwa ananiambia hivyo. Aliniuliza, wewe mdogo wangu, kweli umelitazama?

Nikamjibu ndiyo. Nikasema kuna mpangilio mpya namtumia leo. Na nikamtumia kweli! Nilikaa nikivichezea vile vijiti kama mtu mwenye akili zake, napandisha hiki nashusha kile, kwa sikio ambalo nilijua halipokei. Sikuwa namtengenezea yeye. Nilikuwa najituliza mimi.

Jumamosi ya kurekodi ikafika. Shemeji alikuja amevaa suti yake ya kijivu. Nilimpa shikamoo hakuitikia. Nikadhani amekasirika. Kumbe nilikuwa nimesimama kushoto kwake. Aliponiona aliitikia kwa furaha, akaniuliza mbona nimekonda.

Wimbo ulipoanza alishuka nusu sauti, na sauti ya nne wote wakashuka naye. Mwalimu wa kwaya akasimamisha. Tukarudia, akashuka tena. Alikuwa anageuza kichwa upande upande kama kuku anayesikiliza mwewe, anawatafuta wenzake. Mwalimu akamweka mwisho wa mstari, kisha katikati, kisha akamwomba kwa heshima apumzike kidogo. Mzee wa watu alikwenda kukaa peke yake kwenye benchi. Miaka yote niliyomjua sikuwahi kuona amepumzishwa.

Tulipotoka nje ndipo nilipoona kilichonitisha kuliko vyote. Lori la matofali lilikuwa linashuka barabarani, likapiga honi. Lilikuwa linatoka kushoto kwake. Yeye akaisikia honi kwa sikio la kulia, akaona hatari inatoka kulia. Akaruka kuikwepa, na alirukia kushoto, kulekule lori linakotoka.

Mama mmoja wa sauti ya pili alimshika koti akamvuta. Lori lilipita. Upepo wake ulimpeperushia tai. Shemeji alisimama pale anatazama kulia, kulikokuwa hakuna gari, uso umemjaa mshangao kabisa, hajui ni nini kimempita. Mimi nilikuwa mbele yake hatua tano, na sikuweza kuinua mguu. Watu wakasema ni uchovu, na mimi nikasema ndiyo, ni uchovu.

Jumatatu dada hakuuliza mtu. Alimchukua mumewe wakaenda hospitali, na huko wakaandikiwa kwenda hospitali kubwa kwa daktari wa masikio. Jioni ya siku walipomwona, dada alinisimulia kwenye simu, polepole, kama anasoma barua ya msiba. Daktari aliwaambia sikio likizima ghafla vile, mishipa ya ndani ndiyo imepata shida, na kuna dawa za kuanza mara moja, siku zilezile za mwanzo. Ukichelewa wanajaribu tu. Akawauliza mlikuwa wapi wiki mbili? Shemeji akajibu kwa nia njema kabisa kwamba alikuwa na fundi.

Walijaribu dawa. Sikio halikurudi. Kipimo cha pili kikaonyesha kushoto hakuna kitu, na mvumo umebaki, huenda ukakaa naye maisha.

Nilimuuliza dada, kwa kuzungukazunguka, kama daktari amesema ni kitu gani kililizimisha. Hedifoni labda? Akasema daktari hakuweza kusema, wakati mwingine hutokea tu, hata kwa mtu ambaye hajawahi kushika hedifoni. Mngedhani nilipumua. Sikupumua! Kama besi yangu ilichangia, sitajua kamwe. Lakini kwamba siku za dawa zilipotea mikononi mwangu, hilo nalijua, na ni mimi peke yangu ninayelijua.

Kule Bashay wanasema sikio la kufa halisikii dawa, wanamsema yeye, eti mkaidi, mke alimwambia akakataa. Anabeba na lawama yangu juu. Barabarani sasa havuki peke yake, dada anatembea kushoto kwake. Kwaya ameiacha mwenyewe. Alisema hataki kuwaangusha wenzake.

Na mimi bado wananiletea hedifoni.

Wiki iliyopita, asubuhi, nilimwona shemeji amesimama mlangoni, amevushwa barabara na jirani yake. Alikuwa ameshika sikio la kulia. Lile zima! Alisema tangu jana linavuma kidogo na limekuwa zito, na dada alimwambia waende moja kwa moja hospitali, ila yeye amemwambia ngoja.

"Nimeona nije kwako kwanza," alisema. "Unitazamie kama ni tatizo lilelile."

Sikumbuki nilivyofunga kibanda. Nakumbuka namvuta mkono barabarani kama mtoto, na yeye ananiuliza mbona hatujaribu ile ya kugeuza. Nilikuwa namwomba Mungu kimoyomoyo achukue langu, achukue yote mawili, amwachie mzee hili moja.

Sikio lile lilikuwa na nta tu. Walilisafisha, akasikia, tukarudi. Hayo nawaambia mapema, msije mkaumia bure kama nilivyoumia mimi.

Lakini kabla hatujaitwa ndani tulikaa kwenye benchi, watu wengi mbele yetu. Na pale kwenye benchi niliona nikinyamaza tena nitakufa na kitu hiki. Nikamwambia. Nilisema, shemeji, ile siku nilipoigeuza hedifoni nilijua. Nilijua hedifoni ni nzima, nilijua ni sikio, nikakuzuia kwa sababu niliogopa nitalaumiwa. Nilisema yote, bila kuficha hata moja, machozi yananishuka. Yeye alikuwa anatazama mlango wa daktari, ametulia.

Nilipomaliza, akaona bega langu linatikisika. Akageuka mwili mzima, akaniletea sikio la kulia lililokuwa linavuma, akalikingia kiganja ili asikie vizuri.

"Ulikuwa unasema kitu?"

Nilikuwa nimekaa kushoto kwake. Na msidhani ni bahati mbaya. Benchi tulilokalia lilikuwa tupu tulipofika, nikachagua upande.

Nilimjibu kwamba foleni ni ndefu.

Ndugu zangu, nisikieni nyinyi basi, ambao masikio yenu ni mazima. Hedifoni ikikuimbia upande mmoja, igeuze. Ubaya ukihama nayo, ipeleke kwa fundi. Ubaya ukibaki kwenye sikio, kimbia hospitali siku hiyohiyo, usingoje kesho, usingoje Jumapili wala mnada, na fundi akikwambia subiri, mwache palepale kwenye kibanda chake. Na wewe fundi mwenzangu, ukiona umeogopa kusema, sema hivyohivyo ukiwa unaogopa. Mimi bado sijasema. Jumapili hii wamenialika chakula Bashay, na dada ameshaniambia nitakaa kulia kwa shemeji, ili tuweze kuongea.